Kumtia Mtoto Usingizi kwa Kipimo cha Usikivu: Mwongozo kwa Wanaofanya Utafiti wa Uziwi wa Neva Unguja na Pemba

Uziwi wa neva ni ule unaotokana na kuharibika kwa koklea, kiungo cha sikio la ndani kilichojipinda mfano wa konokono, au kwa mshipa wa fahamu unaochukua sauti kutoka hapo kuipeleka kwenye ubongo. Koklea ya binadamu ina seli za vinyweleo zipatazo 15,000, na zikishakufa hazioti tena. Watoto wetu huzipoteza kwa homa ya uti wa mgongo, kwa manjano makali ya siku za mwanzo, kwa kuzaliwa kabla ya wakati, kwa rubela iliyompata mama akiwa mjamzito, kwa dawa kama jentamaisini na streptomaisini, na kwa urithi. Wengi wao huletwa wakiwa wadogo mno kuweza kutuambia wanasikia nini, hivyo hulazimu wapimwe wakiwa wamelala, na asiyelala mwenyewe hupewa dawa.

Katika maandiko mengi ya utafiti dawa hiyo hutajwa kwa mstari mmoja, kana kwamba ni shuka la kitandani tu. Msimamo wangu, baada ya kuwakalisha watoto wengi mbele ya mashine ya kupima usikivu, ni kwamba dawa ya kutia usingizi ni sehemu ya kipimo chenyewe: huingia katika namba tunazozisoma, katika hesabu ya watoto waliobaki na waliotoka, na katika hatari anayoibeba mtoto kwa ajili yetu. Mwongozo huu ni kwa wauguzi, maafisa tabibu na wasaidizi wa utafiti wanaoandaa kazi ya namna hii. Dozi zilizotajwa ni za kukusaidia kuelewa na kukagua hesabu. Kutoa dawa ni kazi ya mtaalamu aliyefunzwa kuwatia watoto usingizi na kuwaokoa wakiacha kupumua.

Hatua ya kwanza: Hakikisha dawa inahitajika

Mtoto wa chini ya miezi sita hahitaji dawa. Akiletwa ana njaa na usingizi, akanyonyeshwa ndani ya chumba cha kipimo baada ya elektrodi (vibandiko vya kichwani vinavyonasa umeme wa neva) kubandikwa, hulala kwa muda wa kutosha kumaliza angalau sikio moja, na mara nyingi yote mawili. Anayesema kwamba watoto wachanga hawalali kwake, kwa kawaida amewabandika elektrodi baada ya kunyonya badala ya kabla.

Mtoto wa miaka mitatu na nusu au minne, yule aliyekwisha kuanza skuli ya maandalizi, mara nyingi anaweza kupimwa akiwa macho kwa mchezo. Sisi tunatumia komwe za bao na kikombe cha bati: mtoto anashika komwe karibu na shavu, akisikia sauti anaitia kikombeni. Huchukua dakika kumi kumfundisha, na jibu linalopatikana lina thamani kuliko la mashine, kwa sababu linaonyesha mtoto anasikia nini na si neva inafanya nini tu. Kwa mtoto asiyesikia kabisa sauti ya kufundishia, anza kwa mtetemo: mshikishe mkononi kitetemeshi cha kipimo cha mfupa, kile kinachopeleka sauti kupitia mfupa wa kichwa, aelewe mchezo kwanza.

Wanaobaki ni wa kati ya miezi sita na miaka mitatu na kitu, pamoja na wakubwa wenye matatizo ya ukuaji. Hata hao wajaribu kwanza bila dawa, kwa kuamshwa mapema na kunyimwa usingizi wa mchana. Andika kwenye daftari kwamba ulijaribu na ilikuwaje.

Hatua ya pili: Chagua kipimo kabla ya kuchagua dawa

Wengi huanza na swali la dawa ipi ipo stoo. Anza na swali la unapima nini, kwa sababu njia ya sauti ndani ya kichwa haiguswi na dawa kwa kiwango kimoja.

Mawimbi ya shina la ubongo, yaliyoelezwa na Jewett na Williston mwaka 1971, hutokea ndani ya milisekunde 10 baada ya mlio kufika sikioni, nayo huhesabiwa kwa namba za Kirumi. Wimbi la I linatoka kwenye neva ya usikivu, na la V, ambalo ndilo tunalolifuata tukitafuta kizingiti cha usikivu, yaani sauti ndogo kabisa inayopata jibu, linatoka juu zaidi katika shina la ubongo. Haya hubaki karibu vile vile mtoto akiwa macho, akiwa amelala au akiwa chini ya dawa, na kwa sababu hiyo ndiyo yanayofaa kwa kazi yetu. Ukipanda juu zaidi, mawimbi yanayotokea kati ya milisekunde 10 na 50 hudhoofika kadiri dawa inavyozama, hata wataalamu wa nusukaputi wamewahi kuyatumia kupima kina cha usingizi wa mgonjwa. Yale ya gamba la ubongo hayafai kabisa kwa mtoto aliyepewa dawa.

Mtego ulio mkubwa zaidi uko kwenye kipimo cha mwitiko endelevu, kinachoangalia jinsi neva na ubongo vinavyofuata sauti inayotikiswa mfululizo, na ambacho mashine mpya hukitoa kwa kubonyeza kitufe kimoja. Sauti ikitikiswa mara 40 kwa sekunde, mwitiko wa mtu mzima aliye macho ni mkubwa na mzuri, lakini hupungua sana mtu akilala au akipewa dawa. Ikitikiswa mara 80 au zaidi, mwitiko unatoka chini zaidi na unahimili usingizi. Kwa hiyo mtafiti aliyeacha mashine kwenye 40 anaweza kuandika kwamba mtoto ana uziwi mkubwa, kumbe anachokipima ni usingizi. Fungua mipangilio ya mashine uangalie namba hiyo kwa macho yako.

Mwangwi wa koklea, yaani sauti hafifu ambayo koklea yenyewe huirudisha ikipigiwa mlio, na ambayo David Kemp aliionyesha mwaka 1978, hautegemei mtoto kulala ila kutulia, na ufanywe kabla ya dawa kila inapowezekana.

Hatua ya tatu: Chagua dawa, na ujue inagusa nini

Klorali haidrati ndiyo iliyotumika kwa muda mrefu kuliko zote kwa kazi hii. Ilitengenezwa mwaka 1832 na Liebig, ikaanza kutumiwa kama dawa ya usingizi mwaka 1869. Hunywewa, huchukua nusu saa hadi saa nzima kufanya kazi, na katika vipimo vya usikivu dozi ya kawaida ni miligramu 50 hadi 75 kwa kila kilo ya uzito. Kwa upande wa kipimo ni dawa njema, kwa kuwa vizingiti vya shina la ubongo havibadiliki kwa kiasi cha kutuhangaisha. Kwa upande wa mtoto ina mambo manne yasiyopendeza. Ni chungu na huunguza koo, hivyo watoto huitapika. Mwili huigeuza kuwa trikloroethanoli, ambayo kwa mtoto huchukua saa 8 hadi 12 kupungua nusu, na kwa mtoto mchanga huweza kupita siku nzima. Haifai kwa mwenye ugonjwa wa moyo au ini. Nayo haina dawa ya kuizima ikizidi. Tangu mwaka 2012 dawa ya maji iliyokuwa ikitengenezwa viwandani nchini Marekani iliondolewa sokoni, na hospitali nyingi duniani huichanganya zenyewe, kwa hiyo nguvu yake hutofautiana kutoka chupa hadi chupa.

Deksmedetomidini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1999, hutiwa puani kwa mikrogramu chache kwa kila kilo, na usingizi wake unafanana sana na ule wa kawaida. Mtoto hupumua vizuri, ila mapigo ya moyo hushuka. Kama bajeti inaruhusu na kuna mtu anayeijua, mimi ningeichagua hii kabla ya klorali.

Midazolamu hutuliza hofu lakini haimlazi mtoto sawasawa. Anabaki akipapasa na kutafuna, misuli inaingiza kelele kwenye rekodi, na baadhi ya watoto badala ya kutulia huwa wakali. Promethazini, ambayo imejaa katika maduka yetu ya dawa na ambayo wazazi huijua kama dawa ya mafua inayolevya, isitumike kwa mtoto wa chini ya miaka miwili kwa sababu inaweza kuzuia pumzi. Ketamini inapatikana karibu kila hospitali, kwani haihitaji mashine ya kupumulia na mgonjwa huendelea kuvuta pumzi mwenyewe; hata hivyo macho hubaki wazi, mate huzidi na misuli haitulii. Ni dawa ya chumba cha upasuaji, si ya chumba cha masikio. Melatonini ni nyepesi na salama zaidi, na kwa mtoto mdogo aliyenyimwa usingizi mara nyingi inatosha. Ningeijaribu kabla ya hizo nyingine zote.

Kama mtoto anatiwa nusukaputi kwa ajili ya upasuaji na wewe unaomba nafasi ya kumpima hapo hapo, uliza gesi ipi inatumika. Naitrasi oksaidi hupenya na kujaa katika sikio la kati, presha inapanda, ngoma inasukumwa nje, na mwangwi wa koklea unafifia kana kwamba sikio lina tatizo. Propofoli huchelewesha mawimbi kidogo tu.

Jambo hili la dawa kuingia kwenye matokeo linaonekana wazi zaidi katika utafiti wa wanyama, nao tunausoma sana tunapoandika utangulizi wa kazi zetu. Panya hawatulii bila dawa, kwa hiyo karibu kila kizingiti cha usikivu cha panya unachokiona kwenye makala kimepatikana chini ya dawa fulani, mara nyingi ketamini pamoja na zailazini (dawa ya kutuliza wanyama), mara nyingine gesi ya isofureni. Gesi hiyo imeonekana kupandisha vizingiti ikilinganishwa na mchanganyiko wa ketamini, hivyo kulinganisha maabara mbili zilizotumia dawa tofauti ni kulinganisha nazi na embe. La ajabu zaidi ni kwamba utafiti wa panya uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kuwa wale waliowekwa kwenye kelele kali wakiwa chini ya isofureni waliharibika masikio kidogo kuliko waliokuwa macho. Yaani dawa iliyokuwa ya kumtuliza mnyama tu iligeuka kuwa kinga. Ukisoma kwamba dawa fulani mpya inalinda sikio dhidi ya kelele, nenda kwanza kwenye sehemu ya mbinu utazame wanyama walikuwa wamelazwa kwa kitu gani wakati kelele inapigwa.

Hatua ya nne: Amua kuhusu kundi la kulinganisha, kisha omba kibali

Hapa ndipo penye mgongano halisi, nami sitaki kuupunguza. Mtoto aliyeugua uti wa mgongo anahitaji kipimo hiki kwa matibabu yake mwenyewe, hivyo dawa anayopewa ina faida kwake. Mtoto mzima wa jirani, anayeombwa awe wa kulinganishwa naye, hana faida yoyote. Kumpa dawa inayoweza kuzuia pumzi ili sisi tupate safu ya pili kwenye jedwali ni jambo nisilolikubali, na kamati ya maadili ikilikubali nitashangaa. Lakini ukiwapima wagonjwa chini ya dawa na wazima katika usingizi wa kawaida, tofauti utakayoiona itakuwa ya ugonjwa na dawa kwa pamoja, na hutajua ipi ni ipi.

Njia ninayoipendekeza si safi ila ni ya haki. Wajaribu watoto wote, wagonjwa kwa wazima, katika usingizi wa kawaida kwanza. Wagonjwa walioweza kulala bila dawa ndio walinganishwe na wazima. Waliohitaji dawa waandikwe katika kundi lao, matokeo yao yaonyeshwe peke yake, na yatumike zaidi kwa vizingiti, ambavyo dawa haivigusi sana, kuliko kwa muda wa wimbi na ukubwa wake. Mtoto mzima asiyelala aachwe aende zake.

Kibali cha kazi hii hapa Zanzibar hutolewa na Kamati ya Maadili ya Utafiti wa Afya, iliyo chini ya Taasisi ya Utafiti wa Afya Zanzibar. Katika maombi taja dawa kwa jina, dozi ya mwanzo, dozi ya mwisho isiyopitwa, nani atatoa, nani atamtazama mtoto, na nini kitafanyika akishindwa kulala. Ukishapata kibali, pita kwa sheha kabla ya kupita kwa wazazi.

Ridhaa iandikwe kwa Kiswahili tangu mwanzo, isiwe fomu ya Kiingereza iliyogeuzwa. Neno moja limewahi kunitia aibu. Fomu yetu ilisema "mtoto atalazwa kwa ajili ya kipimo", na mama mmoja kutoka kaskazini akafika na mkeka, sufuria, birika na nguo za siku tatu, kwa kuwa kwetu mtu akilazwa amelazwa hospitali. Tangu siku hiyo tunaandika "atapewa dawa ya kunywa ya kumtia usingizi, na ataondoka siku ile ile akishaamka vizuri". Sema pia kwa uwazi kwamba hii si nusukaputi ya upasuaji, lakini kwamba kwa nadra pumzi inaweza kupungua, na ndiyo maana kuna oksijeni kando. Wapemba si wageni wa utafiti. Tangu Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri ilipoanzishwa Wawi mwaka 2000 watu wengi wameulizwa ridhaa, na wanajua kuuliza maswali. Kama mama anataka kwanza kuzungumza na baba wa mtoto aliye baharini au Unguja, mpe siku.

Hatua ya tano: Chuja historia ya mtoto

Muulize mzazi kama mtoto anakoroma, kama ana mafindofindo makubwa, kama moyo wake umewahi kutiliwa shaka, kama ana kifafa na anatumia dawa gani. Uliza hasa kuhusu selimundu. Watoto wenye ugonjwa huo huja katika utafiti wetu kwa sababu selimundu yenyewe inaweza kudhuru sikio la ndani, na hao hao ndio ambao kukaa bila maji na kupungukiwa oksijeni kunaweza kuwaletea maumivu makali ya mwili. Wapimwe wa kwanza asubuhi, wasifungiwe maji zaidi ya muda unaotakiwa, na kama hapana mtaalamu wa usingizi, wasipewe dawa.

Angalia pia kama sikio lina usaha au nta, na fanya timpanometri, kipimo cha mwendo wa ngoma ya sikio. Maji nyuma ya ngoma yatapandisha kizingiti, na hutapenda kugundua hilo baada ya mtoto kunywa dawa.

Hatua ya sita: Usiku na safari

Mtoto achelewe kulala na aamshwe Alfajiri. Kazi ngumu ni njiani. Dala dala ya kutoka Konde hadi Chake Chake humpembeza mtoto kuliko dawa yoyote, na akilala humo atafika akiwa mchangamfu. Mwombe mzazi aje na mtu wa pili, shangazi au dada mkubwa, ambaye kazi yake ni kumchezesha asifumbe macho. Tukiweza kulipa nauli ya mtu huyo wa pili tunalipa, na ni fedha iliyotuokolea watoto wengi wasinywe dawa.

Kuhusu tumbo, kanuni ni saa mbili kwa maji matupu, saa nne kwa maziwa ya mama, saa sita kwa uji, maziwa mengine na chakula chepesi. Namna ya kuuliza ndiyo inayookoa. Nilimuuliza bibi mmoja aliyekuja na mjukuu wa miezi ishirini:

"Bibi, mtoto amekula?"

"Hajala kitu, mwanangu. Kanywa uji tu."

Kwake uji si kula, na kwa Kiswahili alikuwa sahihi. Kosa lilikuwa la swali. Siku hizi ninauliza, "Tangu Alfajiri mpaka sasa, ni nini kilichoingia mdomoni mwake?" kisha ninataja kimoja kimoja: uji, ziwa, chai, andazi, pipi, dawa ya kikohozi. Mtoto yule tulimrudisha siku ya pili. Wakati wa Ramadhani ongeza uangalifu, maana nyumbani hapapikwi mchana na mtoto hulishwa daku na wakubwa, saa ambayo mama haihesabu kuwa ni asubuhi.

Hatua ya saba: Uzito, hesabu na bomba

Mpime mtoto uzito wewe mwenyewe, akiwa na nguo nyepesi, siku hiyo hiyo. Usichukue uzito wa kadi ya kliniki wala wa kukisia.

Fanya hesabu kwa maandishi, na mtu wa pili aifanye upya bila kuona yako. Mtoto wa kilo 12, kwa miligramu 50 kwa kilo, anahitaji miligramu 600. Kama chupa ina miligramu 100 kwa kila mililita, hiyo ni mililita 6. Kama famasia imechanganya ya miligramu 200 kwa mililita, ni mililita 3, na aliyezoea chupa ya kwanza akimimina 6 atakuwa amempa mtoto mara mbili. Kwa hiyo andika miligramu kwanza, mililita baadaye, na usimuachie mzazi ampe mtoto dawa nyumbani kabla ya safari, hata akiomba kwa nia njema.

Toa dawa ndani ya chumba chenye oksijeni, mashine ya kufyonza, mfuko wa kupulizia hewa na barakoa ya kipimo cha uso wa mtoto, vyote vikiwa vimejaribiwa asubuhi hiyo. Mtoto akitapika, andika saa na makisio ya kiasi, na usirudie dozi nzima, kwa kuwa hujui ni kiasi gani kimeshapita tumboni. Niliwahi kuona, katika kituo nisichokitaja, dozi ikirudiwa kwa sababu mashua ya kurudi ilikuwa ikisubiri. Mtoto alilala hadi Magharibi. Mashua itasubiri, au itakwenda na nyingine itakuja.

Hatua ya nane: Kipimo chenyewe

Mtu mmoja ashughulike na mashine na mwingine na mtoto, na huyo wa pili asipewe kazi nyingine yoyote. Anatazama kifua kikipanda na kushuka, rangi ya midomo, na namba ya oksijeni kidoleni. Namba ikianza kushuka chini ya asilimia 94, ainue kidevu kwanza. Mara nyingi ni shingo tu iliyokunjika.

Sugua ngozi ya paji la uso na nyuma ya masikio kabla mtoto hajalala, ubandike elektrodi, na uhakikishe ukinzani wa umeme kati ya elektrodi na ngozi ni chini ya kiloomu 5. Mawimbi tunayoyatafuta ni madogo kuliko mikrovolti moja, hivyo umeme wa ukutani wa hezi 50 huyafunika kwa urahisi. Zima kiyoyozi ikiwezekana, chomoa chaja za simu, na usitumie mwendo wa milio 10 au 25 kwa sekunde unaogawanya 50 sawasawa, tumia 21.1 au namba nyingine ya namna hiyo. Umeme ukikatika na jenereta ikawaka katikati ya kipimo, simama, weka alama, na uanze rekodi mpya.

Usianze na sauti ndogo ukapanda. Anza na desibeli 60 sikio la kwanza, hamia la pili kwa desibeli hizo hizo, kisha shuka kwa zamu, ili mtoto akiamka dakika ya kumi na tano uwe tayari na jambo la maana kwa masikio yote mawili. Kila kiwango kirudiwe mara mbili, mistari ikae juu ya mwenzake. Mtoto aliyelala katika chumba chenye baridi hupoteza joto, na mwili ukipoa mawimbi huchelewa, hivyo mfunike kanga hadi kifuani, kifua kikiwa wazi kutazamwa, na upime joto lake mwanzo na mwisho.

Mawimbi yasipoonekana kabisa, usiilaumu dawa. Shina la ubongo haliyapotezi kwa dozi za namna hii. Kagua waya na spika ya sikioni, kisha rejea mwangwi wa koklea: ukiwa mzuri na mawimbi hayapo, huenda koklea ni nzima na tatizo liko kwenye neva, kama inavyotokea kwa baadhi ya watoto waliopata manjano makali. Rudia kwa milio ya kusukuma (inayoanza kwa kuisukuma ngoma ya sikio ndani) na ya kuvuta (inayoanza kwa kuivuta nje), kila mmoja na rekodi yake.

Hatua ya tisa: Andika yote

Jina la dawa, nguvu ya chupa, miligramu kwa kilo, saa ya kunywa, saa ya kulala, saa ya kuamka, kutapika, oksijeni ya chini kabisa, joto. Haya yaingie kwenye jedwali la takwimu pamoja na vizingiti, yasibaki kwenye faili la muuguzi. Watoto walioshindwa kulala waandikwe kwa idadi, umri na sababu. Mara nyingi wao ndio wakubwa kidogo au wenye matatizo ya ubongo, na ukiwaacha kimya utafiti wako utaonyesha uziwi wa watoto watulivu peke yao.

Hatua ya kumi: Kuamka na kurudi nyumbani

Mtoto aliyefumbua macho hajaamka. Mwache bila kumchezesha kwa dakika 20 mahali pa kimya. Akirudi usingizini, hayuko tayari. Awe anashika kichwa chake, amekunywa bila kutapika, na oksijeni yake ni kama alivyokuja. Kwa klorali usifanye haraka, kwa sababu mwili bado unaibeba wakati kipimo kimeshakwisha.

Hatari ya mwisho iko kwenye safari. Mtoto mwenye usingizi akibebwa mgongoni kwa kanga, au akipakatwa mbele ya pikipiki, kichwa hudondoka mbele, kidevu kikagusa kifua, na njia ya hewa ikajifunga bila sauti. Mwonyeshe mama kwa vitendo: mtoto akae mapajani akitazama pembeni, kidevu juu, na yule mtu wa pili amtazame uso njia nzima. Anayevuka maji kwenda Kojani au kisiwa kingine alale mjini usiku huo, na gharama iwe ya utafiti.

Piga simu jioni hiyo, na tena siku ya pili baada ya Adhuhuri: ameamka vipi, amekula, ametapika, anatembea kama kawaida. Simu isipopatikana, mpigie sheha amtume mtu akagonge mlango, na jibu atakalolileta liandikwe kwenye safu yake pamoja na saa lilipofika.